Mnaficha wanafunzi ili shule ing'ae?

Nikiwa kidato cha tatu, mwalimu alituita watu saba ofisini. Hakutukaripia. Alituambia tu kwa upole kwamba ingekuwa heri turudie darasa ama tutafute kituo kingine cha kufanyia mtihani, maana tungeshusha wastani wa shule. Mimi nilikataa kutoka. Nilifanya mtihani, nikapita, nikafika hadi chuo kabla ya karo kunishinda. Lakini siku hiyo nilielewa kwamba shule inaweza kukuangalia usoni na isione mwanafunzi, ione desimali.

Majuzi nilikuwa napiga stori kwa WhatsApp na jirani yetu wa zamani hapa Kayole. Yeye ni Mkongo, na familia yao ilihamishiwa Marekani kama wakimbizi akiwa na miaka 18. Kiswahili anakimwaga, Kifaransa kiasi, lakini Kiingereza wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Nilimuuliza alivyopokelewa shuleni. Akaniambia kitu cha kwanza walichotaka kujua ni umri wake. Hapo nikaanza kusomasoma kuhusu hii mambo, na manze, nikajipata nikisoma kisa changu mwenyewe.

Rada ni hii. Sheria ya elimu ya Marekani ya mwaka wa 2015, Every Student Succeeds Act, inataka kila jimbo lipime shule zake. Kwa shule za upili, kipimo kimoja kikubwa ni asilimia ya wanafunzi wanaohitimu ndani ya miaka 4 tangu waingie gredi ya 9. Shule ambayo thuluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu inatiwa kwenye orodha ya shule zinazofaa kuokolewa. Hakuna mwalimu mkuu anayetaka jina la shule yake lionekane hapo.

Sasa chukua msee wa miaka 18 ametoka kambini. Hana karatasi za masomo, kwa hivyo anaanzishwa gredi ya 9. Anafaa kujifunza Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho hicho asome aljebra, sayansi na historia ya nchi ambayo ameingia juzi. Katika majimbo mengi, haki ya kusoma bure inaisha ukifika miaka 21. Piga hesabu: 18 jumlisha 4 ni 22. Saa yake imeisha kabla hajafungua kitabu. Hata aliyekuja na miaka 16, akihitimu mwaka wa tano, kwenye ile hesabu ya miaka 4 anabaki mtu ambaye hakuhitimu.

Ndiyo maana programu za wageni hawa zinaweka shule njia panda. Ukifanya kazi vizuri, yaani umpe mwanafunzi mwaka mzima wa kushika lugha, na walimu waliofunzwa kazi hiyo, unakula miaka yake na asilimia yako inashuka. Ukimpeleka kando, kwa programu ya kumalizia haraka ama ya watu wazima, shule yako kubwa inabaki safi. Yaani anayebeba mzigo ndiye anapigwa alama ya chini, na aliyeukwepa anapigiwa makofi.

Mnakumbuka kesi ya Lancaster, Pennsylvania? Mwaka wa 2016, vijana wakimbizi wa kati ya miaka 17 na 21, wengine kutoka Sudan na Kongo, waliishtaki wilaya ya shule. Shule kuu ya upili pale ilikuwa na programu maalum ya wageni, lakini wao walipelekwa kwingine, kwenye shule ya kuharakisha wanafunzi waliobaki nyuma. Wilaya ilijitetea kwamba wangefikisha miaka 21 kabla ya kuhitimu, kwa hivyo afadhali waharakishwe. Mahakama ilikataa. Agosti 2016 jaji aliamuru wapewe nafasi katika ile programu ya wageni, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye.

Kesi ile haikuwa ya asilimia, ilikuwa ya lugha: sheria ya mwaka wa 1974 inalazimisha shule kumsaidia mwanafunzi kuvuka kizuizi cha lugha. Lakini inatufunza kitu. Unaweza kumpa mtu cheti haraka na bado akatoka bila Kiingereza cha kujieleza mbele ya mwajiri. Kwenye takwimu amehitimu, lakini maishani bado yuko pale pale.

Najua mtaniuliza, kwani tuache kupima shule? Hapana. Bila kupima, watoto hawa wangesahauliwa kabisa, na sheria hiyo hiyo inataka maendeleo yao ya Kiingereza yapimwe pia. Mimi nasema wapime safari. Sheria inaruhusu majimbo kuhesabu pia waliohitimu kwa miaka 5 au 6, na New York, ambako kuna shule za wageni tangu 1985, wanahesabu hivyo. Basi hesabu hiyo ipewe uzito sawa. Na wahesabiwe pia waliogeuzwa mlangoni, kwa sababu hao ndio hakuna ripoti inayowataja.

Na tusicheke Wamarekani. Hapa kwetu wizara ilipiga marufuku kuorodhesha shule mwaka wa 2014, lakini matokeo ya KCSE yakitoka, ni nani hatumi orodha za wastani kwa grupu? Mzazi anauliza shule ilipata ngapi. Haulizi ilimtoa nani wapi ikamfikisha wapi, wala ilimfukuza nani ndipo ikapata hiyo alama.

Kati ya wale saba tulioitwa ofisini, wawili walihama. Mwaka huo wastani wetu ulipanda kidogo, shule ikachinja ng'ombe na sisi tukala nyama tukifurahi. Sikusikia mtu hata mmoja akiuliza wale wawili walienda wapi. Hata mimi sikuuliza.