Barafu Katika Jicho la Darubini

Katika mjadala wa Chama chetu cha Sayansi muhula huu, wenzangu kadhaa waliwacheka mafundi wa Ulaya. Walisema, "Wamepeleka darubini mbinguni kwa gharama kubwa, wakasahau kuifuta maji!" Siku ile nilikosa maneno, leo nimeyapata.

Darubini hiyo yaitwa Euclid. Ilirushwa tarehe 1 Julai 2023, nayo iko umbali wa kilometa 1,500,000 hivi kutoka duniani. Mwezi wa Novemba wataalamu waliona kwamba nyota walizokuwa wakizipima mara kwa mara zimeanza kufifia kidogo. Nyota hazikuwa na kosa. Chombo kilipokuwa kikiundwa kilinyonya maji ya hewani, na huko kusiko na hewa maji yale yalitoka polepole, yakaganda juu ya vioo baridi. Unene wake ulikuwa nanomita chache, labda makumi, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimeta! Jambo hili si geni: kamera ya Cassini ilipata ukungu mwaka 2001, ikapashwa joto hata ikaona tena. Basi uzembe uko wapi? Nani awezaye kuunda kitu pasipo hewa?

Mimi nawasifu kwa subira yao. Ingekuwa rahisi kupasha chombo kizima. Walakini kitu kikipata joto hutanuka, na huenda kisirudi sawasawa mahali pake. Wakaamua kupasha kioo kimoja kimoja. Machi 2024 kioo cha kwanza kilitolewa nyuzi 147 chini ya sifuri kikafikishwa 113 chini ya sifuri. Bado ni baridi ya kutisha, lakini ilitosha barafu kugeuka mvuke, na mwanga ukaongezeka kwa 15 kwa mia.

Wangejuaje, lakini, kama wasingaliandika vipimo vyao? Hadubini moja ya maabara yetu ina kuvu ndani ya lenzi. Ilianza lini? Hakuna ajuaye, maana hakuna aliyeandika. (Nami nimo, nimeitumia miaka miwili.)

Naomba Chama kiweke daftari. Kila Ijumaa mmoja wetu atazame kigae kile kile katika kila hadubini, aandike alivyoona, atie sahihi. Daftari nitalinunua mimi. Waliocheka nawaomba waanze zamu Ijumaa ijayo.

Mwanachama, Kidato cha 3