AFYA YA FAMILIA: Mtoto anayeshtuka si mwoga



Mwezi huu tuongee juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi. Dumu linaanguka, au upepo unabamiza mlango wa bati, na mtoto anaruka. Wenzake wanacheka. Mzazi naye anagomba: "Mkubwa hivyo, unaogopa nini?" Je, ni haki kumgombeza?

Tuangalie mwili unavyofanya kazi. Kuna matendo ya hiari, kama kuchota maji, kuandika au kumwita jirani. Hayo ubongo unaamua kwanza, ndipo misuli inatii. Halafu kuna matendo yasiyo ya hiari. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unarudi wenyewe. Habari imefika kwenye ule mshipa mkubwa wa fahamu ulio ndani ya uti wa mgongo, na amri imetoka hapo hapo kwenda kwenye misuli. Maumivu unayasikia baadaye kidogo, habari ikishafika kwenye ubongo.

Kushtuka nako hakungoji hiari. Sauti ikilia ghafla, sehemu ya chini kabisa ya ubongo inatuma amri: macho yanafumba, shingo na mabega yanajikunja. Macho yanafumba kabla hata sehemu moja ya kumi ya sekunde haijaisha. Mtoto hajapata nafasi ya kuchagua.

Tena, mtu aliyepitia milio ya risasi anaweza kushtuka upesi na kwa nguvu zaidi, hata akiwa mtu mzima. Mwili wake umezoea kujilinda. Fimbo na kejeli haziondoi hali hiyo, zinaongeza hofu tu.

Kinachofundishika ni kile kinachofuata, maana hapo hiari inarudi. Fanya hivi:

1. Mwite kwa jina lake, kwa sauti ya upole.
2. Mwambie kilicholia: "Ni dumu tu limeanguka."
3. Vuteni pumzi pamoja, mkizitoa polepole.
4. Wakataze wenzake kumshtua kwa makusudi.

Akiota ndoto mbaya mara kwa mara, akianza tena kukojoa kitandani, au akikataa kucheza kwa wiki kadhaa, mpeleke kliniki au mwone mhudumu wa afya wa jamii. Na ninyi baba na mama, kama mnasumbuliwa hivyo hivyo, msione haya kusema.

Tukutane mwezi ujao.