Adui mkubwa wa Spider-Man hana barakoa, ana gazeti

Juzi jioni niliwakuta vijana watatu wa mtaani kwetu wakibishana mlangoni pa duka. Nilidhani ni mambo ya kandanda, kumbe ubishi wenyewe ulikuwa juu ya adui mkubwa kabisa wa Spider-Man, yule mtu-buibui wa Marekani anayerukaruka juu ya majumba ya New York. Mmoja alimshikilia Green Goblin. Wa pili alisema hakuna kama Doctor Octopus na mikono yake minne ya chuma. Wa tatu, mdogo wao, aliapa kwamba ni Venom. Waliponiona nimesimama wakaniomba niwaamue, nami nikawaambia: ni J. Jonah Jameson, mwenye gazeti.

Walinicheka hadi mwenye duka akatoa kichwa nje. "Mzee, yule si adui," yule mdogo aliniambia kwa heshima, "yule ni wa kuchekesha tu."

Sikubishana nao, maana nilikuwa nimetumwa maziwa na chai ilikuwa mekoni. Lakini neno hilo halikuniacha usiku ule, nami naomba nafasi hii nilijibu kama nilivyopaswa kulijibu pale dukani.

Kwa wasomaji ambao hawavijui vitabu hivi, Spider-Man alitokea mara ya kwanza mwaka wa 1962, kazi ya Stan Lee aliyetunga na Steve Ditko aliyechora. Mwaka wa 1963 alipata mfululizo wake mwenyewe, The Amazing Spider-Man, ambao umeendelea kwa zaidi ya miaka 60, ingawa hesabu ya matoleo imeanzishwa upya mara kadhaa. Mimi nilivisoma utotoni kwa kuazima, vingi vikiwa havina jalada wala ukurasa wa mwisho.

Chini ya yale mavazi mekundu yumo kijana maskini, Peter Parker, yatima aliyelelewa na Ben, ndugu ya babake, pamoja na May, mkewe Ben. (Wengi wetu tukisimulia humwita May shangazi. Lakini kwetu mke wa ndugu ya baba ni mama, na ukimsoma May utaona kwamba hakuna jina jingine linalomfaa.) Ben anauawa na mwizi, nyumba inakosa pesa, na kijana anatafuta riziki. Anaipata kwa nani? Kwa Jameson. Anajipiga picha mwenyewe akiwa ndani ya mavazi ya buibui, anamuuzia Jameson, naye Jameson anazichapisha chini ya vichwa vya habari vinavyomwita mtu huyo huyo tishio kwa umma. Yaani kijana anamlisha mama yake kwa pesa za kujichafulia jina. Niambieni ni jambazi gani mwenye barakoa aliyewahi kumtendea mtu jambo la namna hiyo, tena kila wiki, tena kwa kumlipa.

Siwadharau majambazi wenyewe. Uzuri wa hadithi hizi ni kwamba maadui hawatoki mbali. Green Goblin alipovuliwa barakoa mwaka wa 1966 alikuwa Norman Osborn, baba wa Harry, rafiki yake Peter. Doctor Octopus aliwahi kupanga chumba nyumbani kwa May, na mwaka wa 1974 nusura amwoe, kwa sababu bibi huyo alikuwa amerithi kisiwa huko Kanada chenye kinu cha nyuklia. Posa ya namna hiyo sijapata kuisikia mahali pengine. Kraven, aliyeletwa mwaka wa 1964, ndiye anayenikera. Ni mwindaji wa Kirusi aliyepata nguvu zake kwa dawa ya mganga wa Afrika, lakini ni Afrika isiyo na mji, isiyo na jina la nchi, wala mtu mmoja mwenye kazi nyingine isipokuwa kupika dawa. Hata hivyo, hadithi ya kifo chake ya mwaka 1987, iliyotungwa na J. M. DeMatteis, ni miongoni mwa zile ninazozirudia.

Lakini wote hawa wana kasoro moja. Hupigwa, wakafungwa, wakatoroka, wakapigwa tena. Hata kifo hakiwashiki. Norman Osborn alimuua Gwen Stacy, mchumba wa Peter, mwaka wa 1973, naye akafa katika toleo lililofuata, na wasomaji tulidhani yamekwisha. Mwaka wa 1996 akarudishwa mzima. Msomaji akishajua kwamba kaburi lina mlango wa nyuma, hofu inamtoka.

Jameson yeye hapigwi. Utampigia kosa gani? Ameandika tu.

Tazameni toleo la kwanza kabisa la mwaka 1963. Mwanawe Jameson, John, ni mwanaanga, na chombo chake kinaharibika angani. Spider-Man anahatarisha maisha yake, anamwokoa. Mtu mwingine angemchinjia mbuzi. Kesho yake gazeti la Jameson linasema kwamba Spider-Man mwenyewe ndiye aliyeiharibu safari ile ili ajipatie sifa! Na watu wanaamini. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Mji mzima unaamini, kwa kuwa limechapwa kwa herufi kubwa.

Kwa nini anamchukia hivyo? Watunzi walitoa jibu mapema, katika toleo la 10, mwaka wa 1964. Jameson akiwa peke yake anakiri kwamba anamwonea wivu. Yeye ametumia maisha yake kutafuta mali, na huyu mwingine anawaokoa watu bila kudai senti. Maadamu Spider-Man yuko, Jameson hawezi kujitazama kwenye kioo. Octopus na wenzake wanataka kuutawala mji au kuiba benki. Huyu anataka tu mtu mwema asiwepo, ili yeye asionekane mdogo. Watu wa aina hiyo wapo katika kila ofisi niliyowahi kuingia.

Na hakuishia kwenye maneno. Mwaka wa 1965, katika toleo la 20, alimlipa mtaalamu mmoja amgeuze mpelelezi wa kukodiwa, Mac Gargan, awe kiumbe mwenye nguvu na mkia kama wa nge, apate kumkamata Spider-Man. Gargan akaharibika akili. Yule mtaalamu akafa akijaribu kumpelekea dawa ya kuyaondoa yale aliyomfanyia. Nge mwenyewe akaja kumtafuta Jameson ofisini, na aliyemwokoa alikuwa nani kama si yule yule Spider-Man. Je, gazeti liliandika hayo? Halikuandika. Jameson aliificha siri hiyo hadi mwaka wa 1984, alipoona atatishwa nayo maisha yake yote na jambazi mwingine aitwaye Hobgoblin. Ndipo akakiri katika gazeti lake mwenyewe na kuacha kiti cha uhariri. Miaka 19 baina ya kosa na masahihisho!

Hapo ndipo kicheko cha wale vijana kilipoanza kunichoma, na sina budi kueleza sababu.

Nilipokuwa mwanagenzi katika gazeti moja ambalo sitalitaja, tulichapisha picha ya fundi wa redio aliyezolewa pamoja na wengine katika msako. Kichwa cha habari kilimwita mwizi, bila hata neno "inadaiwa." Maneno ya chini ya picha niliyaandika mimi. Siku nne baadaye aliachiliwa, hakuwa na kesi. Tukasahihisha: mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya bei za mahindi. Alikuja ofisini akiwa na ukurasa ule wa kwanza ameukunja ndani ya mfuko wa plastiki. Hakumtukana mtu. Alieleza kwamba wateja walikuwa wakija mmoja mmoja kuchukua redio zao kabla hazijatengenezwa, akauliza kama tungeweza kuyachapa masahihisho kwa herufi kubwa kama zile za kwanza, kwa sababu wateja wake hawasomi bei za mahindi. Mhariri akamwambia gazeti limejaa. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, kalamu mkononi. Sikusema neno.

Mhariri yule hakuwa mtu mbaya. Wala Jameson si mbaya tupu, na hili ndilo linalomfanya awe mhusika bora kuliko Goblin. Katika matoleo ya mwaka 1970 na 1971 alimuunga mkono mwanasiasa aitwaye Sam Bullit kwa kuwa aliahidi kumshughulikia Spider-Man. Alipogundua kwamba Bullit ni mbaguzi mwenye kufanya kazi na majambazi, alimgeuka hadharani. Tena katika ile sinema ya mwaka 2002, ambayo J. K. Simmons aliigiza kama Jameson, Goblin anamkaba koo akitaka kujua ni nani anayepiga picha za Spider-Man. Jameson, bahili na mropokaji, anasema uongo ili kumlinda mfanyakazi wake. Niliiona sinema hiyo mara mbili kwa ajili ya sehemu hiyo tu.

Pembeni yake yupo mtu ambaye wasomaji wengi humruka, Joe Robertson, mhariri wa habari za jiji. Aliingia mwaka wa 1967. Kumbukeni Marekani ilikuwaje wakati ule. Martin Luther King aliuawa mwaka uliofuata. Na hapa kuna mtu mweusi, mtulivu, mwenye kiko mdomoni, aliyepewa kiti cha maana katika gazeti kubwa la hadithi ya picha, naye si mtumishi wala si kichekesho. Jameson akipiga kelele, Robertson ndiye anayeuliza: ushahidi uko wapi? Nilipokuwa kijana nilijiambia kwamba nikiingia katika kazi hii nitakuwa Robertson.

Basi mwaka wa 1988 watunzi wakatuonyesha Robertson mwingine. Kulikuwa na muuaji, Tombstone, aliyesoma naye shuleni. Tangu enzi hizo Robertson aliwahi kuandika habari juu yake kwa gazeti la shule, akatishwa, akaiondoa. Baadaye, akiwa mwandishi kijana huko Philadelphia, alimkuta Tombstone amemuua mtu, akatishwa tena, akanyamaza kwa miaka kama 20. Mtu huyu ambaye kila siku alimdai Jameson ushahidi, alikuwa amekalia ushahidi wa mauaji. Alipousema mwishowe, Tombstone alikuwa amekwisha mvunja mgongo, na mahakama ikamfunga Robertson naye kwa kuficha.

Wapo waliokasirika, wakisema watunzi wamemharibu mtu mwema. Mimi sikukasirika. Nilikumbuka mfuko wa plastiki. Jameson huandika uongo kwa sauti kubwa, na Robertson alinyamaza kwa miaka 20, na aliyeumia hakuona tofauti baina yao. Kumbe nilikuwa nimekuwa Robertson kweli, ila si yule niliyemtaka.

Jambo jingine ninalowasifia watunzi ni kwamba deni la Jameson lilimfuata hadi nyumbani. Mwaka huo huo wa 1965 alikuwa amegharimia roboti ya kumwinda buibui, kazi ya mtaalamu Spencer Smythe. Smythe alikufa kwa sumu ya vifaa vya kazi hiyo, na mwanawe, Alistair, akalibeba lile chuki. Mwaka wa 2011, Jameson akiwa amefanywa meya wa New York katika hadithi, Alistair alikuja kumuua. Aliyeupokea upanga badala yake ni Marla, mkewe. Ni miaka 46 tangu roboti ile ya kwanza. Hakuna vita vya Goblin vilivyotungwa kwa subira ya namna hiyo.

Mwaka wa 2017 Peter alimvulia barakoa mzee huyo, mjane asiye na gazeti, nao wakawa kama marafiki. Sikupendezwa sana. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini naona walimsamehe upesi, na hadithi ilipoteza mtu wa kuiwasha. Sinema ya mwaka 2019 ilikuwa na akili zaidi. Simmons alirudi dakika za mwisho, safari hii si mwenye magazeti ya karatasi bali mtangazaji wa intaneti, akionyesha picha zilizokatwakatwa na adui. Jina la Spider-Man alilolitangaza lilikuwa la kweli. Mauaji aliyomsingizia yalikuwa ya uongo. Watu waliokuwa barabarani walitazama juu kwenye kile kioo kikubwa na wakayameza yote mawili kwa pamoja. Ukumbi mzima nilimokuwa ulicheka kwa furaha ya kumwona Simmons tena. Mimi nilicheka pia, ila kwa muda mfupi.

Nimewaalika wale vijana nyumbani Jumamosi. Nimewatafutia kitabu cha matoleo ya zamani yaliyochapwa upya, chenye lile la nge, na nimekiweka mezani. Yule mdogo ameniambia atakuja kukisoma, lakini nisitarajie kwamba atamwacha Venom.