PIN Hubadilishwa, Ugonjwa Haubadilishwi

Ukilipa hospitali kwa simu, iwe Kitale au Bungoma, unaacha mambo mawili: namba yako, na habari ya kilichokupeleka pale. Zikivuja pamoja, mkora habahatishi tena. Atakupigia akitaja kliniki, tarehe na pesa ulizolipa, kisha aseme, "Ulilipa zaidi, nipe PIN tukurudishie." Usimpe. Kata simu, uulize hospitali mwenyewe.

Lakini tusimwachie mgonjwa mzigo wote. Mwaka 2024 wadukuzi waliingia Change Healthcare, kampuni inayoshughulikia malipo ya matibabu Marekani. Waliathirika watu kama milioni 190. PIN utabadilisha leo leo. Ugonjwa wako ukishajulikana, umejulikana.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, anayeitunza ana saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data, na mwenyewe pia aambiwe.

Maoni yetu ni haya: hospitali, au sisi wa malipo, tukinyamaza, tunamsaidia tapeli. Kwa hivyo ukilipa, uliza bila aibu: rekodi yangu inaonwa na nani?