Kicheko cha Jikoni na Uhakiki Ulionuna

Kuna dhana iliyokita mizizi katika idara za fasihi kwamba shairi linalochekesha ni dogo, na kwamba shairi linalotamani yaliyopita limelala usingizi. Utungo ukikusanya makosa yote mawili, ukazungumzia mbuzi ya kukunia nazi, koroboi na mkwe aliyewasili bila taarifa, mhakiki huuweka kando pamoja na mashairi ya burudani, kisha akarejea kwenye ukoloni mamboleo. Dhana hiyo haina msingi, na madhara yake si haba.

Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, hutajwa popote panapofundishwa ushairi wa Kiswahili. Anayetajwa, hata hivyo, ni Muyaka nusu: yule wa tungo za uhasama baina ya Mombasa ya Mazrui na Seyyid Said. M. H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alieleza kwamba Muyaka ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaufikisha sokoni. Kauli hiyo hukaririwa na wanafunzi kama tasbihi, lakini ni wachache wanaouliza huko sokoni kulikuwa na nini. Kulikuwa na fedha na ukosefu wa fedha, wapenzi, waume na wake zao, na mji wa watu waliojua kutaniana. Nyingi ya tungo hizo zilibaki vinywani mwa Wamvita kwa miongo kadhaa, hadi W. E. Taylor alipoziandika kwa msaada wa Mwalimu Sikujua. Lau Mwalimu Sikujua angevifuata vigezo vya wahakiki hawa, angeziteua za siasa akazitupa zilizosalia.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba hamu ya yaliyopita huipamba zamani, ikauficha ufukara na unyonge wa wanawake. Hoja hiyo ni nzito. Inawapata barabara watunzi wasiocheka, nao ni wengi. Anayeikumbuka koroboi kwa majonzi matupu husema uongo. Anayeikumbuka kwa kicheko hawezi kuuficha moshi wake, wala pua zilizoamka na masizi, kwa kuwa kichekesho chenyewe kimekaa penye adha. Mtunzi anayemtania bibi aliyegawa nyama kwa kijiko amekwisha kutaja kwamba nyama haikutosha, na kwamba aliyetwikwa kazi ya kuisitiri njaa ya nyumba nzima alikuwa mwanamke. Mhakiki anayeitafuta dhamira ya kijamii ameipita mlangoni.

La ajabu ni kwamba wahakiki hao hao hawalalamiki Al-Inkishafi inapoyatazama majumba ya Pate yaliyogeuka magofu. Yalikuwa majumba ya matajiri, lakini kwa vile maombolezo yake yamefungamana na mauti na mawaidha, hupewa heshima (nayo yanaistahili). Hamu ya kasri huitwa falsafa. Hamu ya jiko huitwa upuuzi.

Ahmed Sheikh Nabhany naye ametendewa vivyo hivyo. Umbuji wa Mnazi, uliochapishwa mwaka 1985, unaufuata mnazi tangu kuoteshwa hadi matumizi yake, na husomwa kana kwamba ni kamusi yenye vina: hazina ya msamiati kwa wasiojua tena tofauti ya kitale na koroma. Swali la haki lingekuwa iwapo utungo huo una uzito mno, iwapo mapenzi ya Nabhany kwa mnazi yangefaidika kwa chembe ya utani. Swali hilo haliulizwi, kwa sababu ucheshi haumo katika orodha ya vipimo.

Hata mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutoka mwaka 1974 haukusaidia. Wanamapokeo na wanamabadiliko waligombania vina na mizani, huku wakiafikiana kimyakimya kwamba mshairi ni mtu aliyekunja uso.

Magazeti ya Kiswahili, Taifa Leo likiwamo, yamechapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na humo tungo za namna hii hazikosekani. Mwanafunzi anayependekeza kuziandikia tasnifu huulizwa kwanza zina itikadi gani. Swali hilo likiwa bado linajadiliwa kamatini, gazeti lenyewe limekwisha kufungiwa maandazi.