Bibi wa Milimani Naye Atajwe



Msimu wa harusi ukikaribia hapa visiwani, maswali ya ukoo hurudi barazani. "Hawa watu wa wapi?" Upande wa mwanamme huuliza, upande wa mwanamke hujibu, na jibu huwa la baba tu: babu wa babu alitoka Hadhramaut, au Oman, au Ngazija, na shajara imo sandukuni. Mabibi waliowazaa hao watoto hawatajwi. Wakitajwa, basi ni kwa kunong'ona.

Sisi hatukubaliani na jambo hili, na tunalisema tukiwa tumetoka Lushoto juzi tu.

Tulikwenda watatu, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mdogo wetu ameposwa, na shangazi mmoja alimshauri akiulizwa aseme bibi wa bibi yetu alikuwa mtu wa Pangani. Pangani ni pwani, haina maswali. Lakini nyumbani kwetu wakubwa wote wanajua kwamba Pangani alipandishwa jahazi tu. Kwao ni juu, Usambara.

Ukishuka na meli Tanga, basi linapita Muheza na Korogwe mpaka Mombo, kisha linaanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, njia imebana kati ya mwamba na korongo, na ukifika Soni unaona maporomoko ya maji pembeni. Mmoja wetu alisoma Ayatul Kursiy njia nzima. (Chukueni sweta, mashoga. Buibui peke yake haifui dafu kwa baridi ya kule mwezi wa Julai.)

Milima hii ilikuwa na watawala wake, Wakilindi, mji wao mkuu Vuga. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, kitabu kikachapwa kwanza na wamisionari wa Magila na kutolewa tena mwaka 1962. Humo anasimuliwa Mbegha, mwindaji aliyefika kutoka Nguu baada ya kunyimwa urithi kwao kwa kuwa alikuwa kigego, meno yake yalianza kuota juu. Wasambaa walimpokea, wakampa wake, na watoto wake wakapata nguvu kwa wajomba zao. Yaani ufalme wenyewe ulisimama juu ya upande wa mama! Sisi tulicheka sana tulipolifikiria hilo.

Kicheko kiliishia hapo. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikufa mwaka 1862, na jamaa zake wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde, chini kwenye njia ya misafara, bunduki zikapanda na watu wakashushwa. Waliotekwa walifika pwani, na wengi wakavushwa kuja kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, lakini majahazi yaliendelea kwa siri. Sheria ya 1897 iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba iliwaacha nje masuria. Wao walisubiri mpaka 1909.

Bibi yetu huyo alikuja akiwa mtoto, akakua, akawa suria. Katika dini yetu mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru, na anafuata nasaba ya baba. Hilo lilikuwa hifadhi kwa mtoto. Ila wajukuu tumeligeuza likawa kisingizio cha kumfuta mama. Mtoto kaingia kwenye shajara, mama kabaki nje ya karatasi, na jina alilopewa huku, mfano wa Faida au Zafarani, halisemi lolote kuhusu alikotoka.

Sasa tuzungumze kufu, maana hapo ndipo wengi hujifichia. Imam Malik aliitazama kwanza kwa dini. Hata katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo yanahesabu nasaba, nasaba hiyo huhesabiwa kwa baba. Muulizeni shekhe wenu. Kwa hiyo yule anayeirudisha posa kwa sababu ya bibi wa bara hana sharia ya kuegemea, ana kiburi tu. Na Waarabu tunaojifakhirisha nao wametoka kwa nani? Kwa Nabii Ismail, na mama yake ni Bibi Hajar, mjakazi kutoka Misri. Mtume wetu (s.a.w.) alizaa mtoto, Ibrahim, na Bibi Maria Mkibti. Hapa hapa Unguja, mama yake Sayyid Barghash alikuwa suria wa Kihabeshi. Binti mfalme Salme aliandika wazi katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba mama yake alikuwa Mcherkesi aliyetekwa akiwa mdogo. Hakuona haya. Iweje Mcherkesi atajwe kitabuni na Msambaa afichwe jikoni?

Tuliyoyapata Lushoto si mengi. Bibi yetu marehemu alikuwa akituamkia asubuhi kwa maneno "onga makeo", na watu wa nyumbani wakidhani ni maneno ya kuchezea watoto. Siku ya kwanza sokoni mama mmoja muuza mapichi alituambia maneno yale yale. Tulisimama pale na vikapu vyetu, hakuna aliyeweza kujibu. Ni salamu ya Kisambaa ya asubuhi. Imepita bahari na vizazi vyote hivyo.

Kijijini tulipoelekezwa, wazee walituuliza jina linaloanza na She-, kama yanavyoanza majina mengi ya kiume kule. Hatukuwa nalo. Tulikuwa na jina la mlima mmoja tu, alilolitaja kwa mwanawe. Mzee mmoja wa kike alisema katika ukoo wao husimuliwa msichana aliyekwenda kuteka maji asirudi. Hatuwezi kuapa kwamba ndiye. Wasichana wa namna hiyo walikuwa wengi. Lakini walitupa nafasi mkekani, wakatupikia, nasi tukawaambia ya kwetu.

Baadhi ya jamaa wale ni Walutheri. Shangazi yule yule alishtuka tulipompigia simu. Tukamkumbusha Bibi Asma binti Abubakar, ambaye Mtume (s.a.w.) alimwambia aunge udugu na mama yake ilhali mama hajasilimu.

Wewe biharusi mtarajiwa, kabla hujafungiwa ndani na msio wako, kaa na mkubwa wa nyumba umuulize kuhusu mama wa mama yake. Alisema maneno gani yasiyo ya kwetu? Alitaja mto gani? Rikodi sauti yake. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina makaratasi ya zama za masultani, nendeni. Kisha mwambie mchumba wako kabla ya nikaha, na umtazame usoni anapolisikia.

Mdogo wetu amemwambia wake. Amesema anataka kwenda Lushoto.

Ijumaa iliyopita tulisoma khitma. Orodha ya marehemu wetu ilikuwa ikiishia kwa "na wazee wetu wote". Safari hii imeongezwa mstari: mama yetu aliyetoka milima ya Usambara, Allah anamjua kwa jina lake.