Kabla ya Kutia Sauti Sikioni



Katikati ya Ramadhani iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mama mmoja wa hapa Isiolo alifika kwenye mlango wa madrasa pamoja na binti yake. Hakuingia. Baada ya salamu alitutolea simu, akasema: "Sheikh, hii ndiyo iliyomwangusha baba watoto." Tukaisikiliza. Ilikuwa sauti ya dakika 3, laini, iliyopambwa kwa aya na hadithi, ikieleza kwamba saumu hushusha sukari mwilini na kwamba wapo waliofunga hata wakaacha dawa. Mumewe ni mtu wa kujidunga insulini kwa miaka mingi. Aliisikia, akaazimia, akafunga siku 4. Siku ya 5 sukari ilimshuka akapoteza fahamu sokoni kabla ya adhuhuri. Alhamdulillahi, walimfikisha hospitali akiwa hai.

Kilichotuchoma moyo ni kuwa sauti ile tuliitambua. Ilipita katika kundi la WhatsApp la msikiti wetu, na aliyeituma humo ni sisi. Tuliisikiliza dakika ya kwanza, ikatupendeza, tukaituma huku tunakunja mikono ya kanzu kwenda kutawadha.

Kwa muda sasa kina mama na mabinti wametuandikia wakitaka tuwatajie podikasti zifaazo, yaani vile vipindi vya sauti vinavyowekwa kwenye intaneti, mtu akavipakua simuni na kuvisikiliza apendapo. Tulikuwa tukiahirisha jibu. Baada ya tukio hili hatuna udhuru tena.

Kwanza tuliitafuta asili ya sauti ile. Ilituchukua usiku 2, na lau si binti yetu tusingeipata. Kumbe ni kipande kilichochopolewa katika kipindi cha karibu saa nzima. Tulipokisikiliza chote tulinyamaza kimya. Mzungumzaji alisema kweli kwamba wapo walioacha dawa, lakini aliendelea papo hapo: kwa amri ya madaktari wao. Na kabla ya kumaliza akawataja watumiao insulini, akawaambia wasifunge mpaka wazungumze na anayewatibu. Akakumbusha aya za 184 na 185 za Suratul Baqara, ambamo mgonjwa ameruhusiwa kula na kuzilipa siku nyingine. Na wanazuoni wakaeleza kwamba asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Kipindi chenyewe kilikuwa chema. Mkono uliokikata ndio uliokifanya sumu, na mkono wetu ukaigawa.

Basi hilo ndilo tunaloanza nalo. Kipande si kipindi. Anayetaka kujua kama podikasti fulani inafaa na aisikilize mzima mzima, tena zaidi ya moja, kabla ya kumpelekea jirani. Wazee wetu wa elimu ya hadithi hawakupokea neno kwa sababu ya utamu wake. Waliuliza: umelipokea kwa nani, naye kwa nani? Abdullah bin al-Mubarak aliihesabu isnadi kuwa ni sehemu ya dini yenyewe, kwani bila hiyo kila mtu angesema atakalo. Tukiwa madrasa tulidhani elimu hiyo ni ya vitabu vikuukuu. Leo twaiona yafaa kwa simu kuliko tulivyowahi kufikiri. Podikasti nzuri humtaja mwenye kusema, hutaja alikolitoa neno, hutenganisha alilolisoma na analolidhania, na ikikosea hurudi kusema imekosea. Ukisikia "wanasayansi wamegundua" pasi na mwanasayansi hata mmoja kutajwa, au "wanazuoni wamekubaliana" pasi na mwanazuoni, una haki ya kuizima.

Jambo la pili, mwenye sauti awe na mlango unaoweza kubishwa hodi. Mwaka 1930 pale Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akafuatisha Al-Islah. Zilikuwa karatasi chache tu. Lakini msomaji aliyekasirika alijua pa kumpata mwandishi. Angeweza kumkuta msikitini na kumuuliza ana kwa ana. Sauti nyingi za leo hazina jina wala mji, na picha iliyowekwa ni ya kipaza sauti au ya machweo. Huyo utamuuliza wapi?

Tusije tukafahamika kwamba twawatisha watu. Kusikiliza si bidaa ya jana katika nyumba zetu. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodi Qur'ani nzima mwaka 1961, na ni kwa sauti yake wengi wetu tulisahihisha makhraji tukiwa watoto. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, ya Ujerumani mwaka 1963, na ni akina mama wangapi waliopata habari za dunia huku wakikuna nazi? Baadaye zikaja kanda. Darsa za tafsiri za Ramadhani za Mombasa na Lamu zilirekodiwa zikapita mkono kwa mkono, na mwanamke ambaye hakupata nafasi ya kuhudhuria, kwa wingi wa kazi au kwa udogo wa msikiti, alizisikia jikoni kwake. Twasema bila kusita kwamba kanda ziliwasomesha wanawake wengi kuliko tulivyowasomesha sisi masheikh. Podikasti ni mjukuu wa kanda hizo, na kina mama wana haki nayo.

Sasa majina. Kwa vijana wa nyumbani, tafuteni Noa Bongo! Jenga Maisha Yako ya idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani. Ni michezo ya kuigiza yenye mafunzo ya afya, masomo na maisha, na Kiswahili chake chaeleweka pwani na bara. Si kila tabia inayoigizwa humo tutaiafiki, kwa hiyo mama na asikilize pamoja na watoto. Mazungumzo yanayofuata ndiyo faida kubwa.

La pili litawashangaza wengine. Binti yetu alitusikilizisha Until Everyone Is Free, podikasti ya Sheng kuhusu Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru wa asili ya Goa aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Sheng hiyo ilitutoa jasho, na mara kwa mara tulimwomba binti atufasirie. Wala si kipindi cha dini. Lakini hushika kisa kimoja, kikakifuata sehemu baada ya sehemu kwa subira, wala hakirukirki huku na kule. Tungependa kuona vijana wetu wa Kiislamu wakiwafanyia hivyo wanazuoni wa pwani, na Waislamu wa kaskazini ambao historia yao hapa Isiolo imo vifuani mwa wazee wanaotutoka mmoja mmoja.

Na za dini? Hapa twasita kutaja. Kila mtu ana mwalimu wake, na safu hii si mahali pa kupigania masheikh. Muulizeni imamu wa mtaa wenu yeye mwenyewe humsikiliza nani. Msipotosheka na jibu, hiyo nayo ni habari. Ila masuala ya talaka, eda, mirathi na maradhi msiyachukue sikioni peke yake hata kama msemaji ni bahari ya elimu, kwa sababu yeye hakukusikia wewe. Hajui umetamkiwa nini, wala daktari wako amekuandikia nini.

Kuhusu gharama, pakueni kipindi mkiwa penye mtandao wa bure au wa rahisi, msikilize baadaye bila kumaliza bando. Sisi tukisafiri kwenda Marsabit hufanya hivyo, kwani njia ni zaidi ya kilomita 250 na mtandao hukatika.

Baba watoto yule yu nyumbani. Tulimwendea usiku wa kuamkia Idi, tukamweleza kwamba sauti ile ilitoka kwetu, tukamwomba radhi. Alitutazama kitambo, kisha akauliza kama twaweza kumpelekea ile ndefu. Tulimpelekea, tukakaa naye mpaka ikaisha. Siku alizokula anazilipa kwa kulisha, kama tulivyoafikiana baada ya kuzungumza na daktari wake.

Katika kundi la msikiti tuliweka kipindi kizima na maelezo ya kosa letu. Kile kipande cha dakika 3 kilipoingia, watu zaidi ya 40 walikishukuru. Masahihisho yetu yamejibiwa na watu 2, na mmoja wao ni binti yetu. Tumeyaweka tena Ijumaa hii.